King'ora cha bani kilikataa kunyamaza, kumbe ni volteji rejea

Msimu uliopita nilimfungia mjomba kipimajoto kwenye bani lake la tumbaku (kibanda cha kukaushia majani) huku Urambo, Tabora: Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta), sensa ya joto ya LM35, king'ora na chaja ya simu ya volti 5. Tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la bani, haitaki kubahatisha. Joto likipanda mapema jani linageuka kahawia, na sokoni gredi inashuka.

Tulipofika hatua ya kukausha jani niliweka kikomo nyuzi 62. Usiku king'ora kikalia. Mjomba akapunguza kuni, joto likashuka, king'ora kikaendelea. Skrini inasema 63, kipimajoto cha zebaki 58. Akaja kunigongea: "Mjomba, amka. Moto nimetoa, kelele haiishi."

Nilibadilisha sensa mbili bure kabla ya kushika multimita. King'ora kikiwa kimya chaja inatoa 5.0, kikilia 4.6. Na Uno, usipoiambia kitu, inaifanya hiyohiyo 5 ya chaja kuwa rejea, yaani kipimo cha kulinganishia: inaikata vipande 1024, kisha inahesabu volteji ya sensa imefika vipande vingapi. Rejea ikishuka vipande vinakuwa vidogo, hesabu inapanda. Chukua 58, zidisha kwa 5, gawanya kwa 4.6: ni 63. King'ora kilikuwa kinajilisha chenyewe!

Fundi mmoja akanishauri rejea iwe diodi ya zena ya volti 3.3, ambayo hushikilia volteji isizidi hapo. Ushauri huu bado unaniudhi, maana unatolewa kila mahali. Zena za volteji ndogo ni legevu: chaja ikiyumba nayo inayumba, na boksi lilivyoning'inia kwenye ukuta wa bani wenye joto, asubuhi nilipima 3.28, mchana 3.23. Siku mbili zimepotea.

Rejea ya ndani ya Uno, volti 1.1, haijali chaja, na kwa LM35 peke yake ingetosha, kwani kila nyuzi ni milivolti 10. Ila inatofautiana chipu hadi chipu, kati ya 1.0 na 1.2, lazima uipime. Mimi napima pia volteji ya betri kwenye boksi hilohilo, 1.1 hainitoshi.

Dawa niliipata kwenye chaja mbovu. Ndani kuna kitu cha miguu mitatu, ukikitazama utasema transista, kimeandikwa 431. Ni TL431, chipu ya kushikilia volteji isiyoyumba! Nikayeyusha risasi, nikakichomoa, nikaunga mguu wa rejea na katodi, nikapitisha umeme kwenye rizista ya kilo-omu 1: volti 2.5 hizo hapo, chaja iwe 5 au 4.6. Furaha yangu haikufika jioni, namba zikaanza kucheza. Nilihangaika mpaka nikagundua kwamba TL431 hutetema ikiwekewa kapasita ya ukubwa wa kati, na Uno ina nanofaradi 100 tayari kwenye pini ya AREF, ile ya kupokea rejea ya nje, nilikoingiza hizo 2.5. Nikaongeza ya maikrofaradi 10, ikatulia tuli. Matumizi yote hayakufika elfu tano, nyingi ni zile sensa nilizotupa.

Kwenye programu taja rejea ya nje kabla ya kusoma pini yoyote, la sivyo unaweza kuua chipu. Na usiandike 2.5 kwa kuamini karatasi ya maelezo ya chipu. Yangu ilipima 2.49, nikaandika 2.49.

Usiku wa kwanza king'ora kililia saa nane, mjomba akatoa kuni. Kilinyamaza zebaki ikiwa 61.