Siku yangu na kamera ya macho, Bahi

Saa 11 alfajiri nishaamka, gari linatoka Dodoma mjini saa 12 kamili na dereva wetu hana masihara. Chai ya rangi, nacheki kamera ina chaji, safari.

Saa 2 tushafika, watu wamejaa chini ya mti. Salamu za Kigogo kwanza, mbukwenyi! Mbukwa! Tunasomesha herufi, tunapima presha ya jicho, halafu mimi napiga picha ya nyuma ya jicho, ikiingia kwenye laptop programu ya akili mnemba inakagua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, inatoa kijani au nyekundu.

Saa 4 kaja babu mmoja na mjukuu wake, anataka miwani ya kusomea tu. Presha 17, safi kabisa, maana kawaida ni mpaka 21. Programu ikawaka nyekundu. Nikavuta picha karibu, kile kikombe cheupe katikati ya mshipa kimekula karibu duara lote, ukingo wa chini umebaki kama uzi. Nikamfunika jicho moja nikaleta kidole kutokea pembeni, kimekaribia pua ndo anasema nakiona.

"Mwanangu, mbona haliniumi?"

Ndo glakoma hiyo babu, ugonjwa unaoua ule mshipa taratibu, hata presha ikiwa kawaida, na hii ya kwetu mara nyingi haiumi. Nikauliza huwa anajigonga? Mjukuu akadakia, kila siku na nguzo ya zizi, sisi tukajua uzee! Nikamwandikia rufaa ya Ijumaa.

Saa 6 mama naye nyekundu, ila yeye ukingo umenona, ni vile tu kikombe kikubwa cha kuzaliwa, na sisi watu weusi wengi tunacho, sasa mashine iliyofundishwa kwa picha za watu wa kwingine inashtuka bure. Ndo maana daktari lazima aangalie. Wenye mtoto wa jicho ndo kabisa, picha ukungu mtupu.

Saa 8 ugali na mlenda, fasta.

Saa 9 napigia simu wagonjwa wa zamani wa glakoma, hapa ndo naumwa kichwa. Mmoja kaacha matone miezi mitatu, eti hayajamuongezea kuona. Dada yangu, hayaongezi, yanalinda kilichobaki! Programu inaweza kulinganisha picha ya mwaka jana na ya leo, ila picha ya leo si mpaka mtu aje?

Saa 1 usiku niko nyumbani, vumbi hadi masikioni, simu inaita. Mjukuu. Babu anauliza, akija Ijumaa atapewa na ile miwani?