Kufunga shule ni kubomoa

Basi tumefunga. Kidato cha sita walishaondoka Mei baada ya mtihani wao wa taifa kwahiyo wiki hizi za mwisho bwalo lilipoa na maharage yakawa yanabaki, alafu Julai wataripoti wa kidato cha tano na kelele zitarudi palepale. Huku nyanda za juu Juni ina baridi la kweli, asubuhi jiriwa ya kubania chuma haishikiki, ndo maana madogo wote ghafla wanapenda somo la kuchomelea, hata wale ambao Machi walikuwa wanakimbia cheche. Bonanza la fani nalo limeisha, Ujenzi wamewatoa Umeme kwa penati, mi ni mwalimu wa Mekanika na sisi tulitoka mapema so sina la kuongeza.

Ninachotaka kuandika ni kingine. Watu wakisikia shule imefungwa wanawaza ripoti na nauli, lakini kwenye shule ya ufundi wiki ya kufunga ni wiki ya kubomoa, na mwaka huu sijui kwanini imenikaa kichwani kuliko miaka mingine.

Chukua Umeme. Muhula mzima wamehangaika na ile saketi ya swichi mbili taa moja, ya ngazini, unawashia chini unazimia juu. Dogo anafunga kwenye ubao, anapita na tester, mwalimu anawasha, anazima upande wa pili, taa inatii, anaweka maksi, alafu anasema fungua. Nyaya zinarudi kwenye boksi kwasababu darasa lingine linazisubiri. Sasa kila ukifunga unamenya ncha upya, na ncha iliyochoka unaikata, kwahiyo waya unafupika kila muhula mpaka inafika siku hautoshi kutoka swichi moja kwenda nyingine na watoto wanauunga kwa tepu, yaani kitu kilekile tulichowakataza kwenye somo la kwanza. Ukitaka kujua boksi lina umri gani angalia urefu wa waya tu.

Ujenzi ndo balaa zaidi. Kuta za mazoezi hatujengi kwa saruji, tunatumia chokaa na mchanga makusudi ili tofali zitoke salama zitumike tena. Kuna dogo wa kidato cha pili alinyanyua kona safi kabisa, kozi moja tofali zimelala kwa urefu, ya juu yake zimetokeza vichwa, viungo vyote unene mmoja, timazi ya kupimia wima ikashuka toka juu mpaka chini haina mwanya. Mwalimu wake akatuita tuje tuone, na sisi walimu huwa hatuitani kwa mambo ya ajabu ajabu. Jioni yake yule dogo ndo alikabidhiwa nyundo, akawa anagonga tofali mojamoja, anakwangua chokaa, anapanga pembeni. Simu hawaruhusiwi so hata picha hana. Nilimpiga picha mimi akiwa amesimama mbele ya kona yake, kanyooka kama yuko paredi, sasa natafuta namba ya mzazi nimtumie.

Alafu anaenda nyumbani na karatasi. Kwenye karatasi ule ukuta ni mstari mmoja tu, katikati ya Hisabati, Kemia, Jiografia na wenzao wote, na mzazi jicho linakimbilia chini kabisa kwenye nafasi. Kumbuka shule kama Ifunda na Moshi zilianza miaka ya 1950 kama shule za ufundi hasa, kijana anaenda kujifunza useremala au uashi basi, baadae ndo zikageuzwa kuwa sekondari za ufundi na masomo mengine yakaingia. Silaumu, mtu anayechora mashine bila Hisabati atachora madudu. Lakini ufundi ukabanwa kwenye karatasi. Hawa wa mkondo wa amali, yaani ufundi stadi, walioanza kidato cha kwanza 2024 na mtaala mpya nawaangalia kwa hamu, mpango ni kwamba wakimaliza 2027 watoke na cheti cha sekondari pamoja na cha ufundi, na hapo labda mzazi ataanza kusoma na huo mstari mwingine.

Sasa mimi na mtunza stoo wetu tumebishana muhula mzima. Mi nasema kila mtoto atoke na kitu kimoja alichokitengeneza, kimoja tu. Yeye anasema mwalimu, chuma cha shule ni mali ya serikali, mkaguzi akija atauliza flatibaa, vile vyuma bapa, zimeenda wapi nimwambie ziko milangoni kwa watu? Kwakweli hoja anayo. Ada imefutwa toka 2016 na ni jambo jema, nina watoto hapa wasingefika kidato cha kwanza kama siyo hivyo, ila ulete na flatibaa basi, elektrodi za kuchomelea zinaisha, blade za msumeno zinakatika, kila kitu ni hesabu. So tukakubaliana hivi: flatibaa mpya haiguswi, tutumie vyuma chakavu, vitanda vilivyokufa vya bweni na madawati ya zamani, na tutengeneze makomeo ya mlango.

Komeo linaonekana rahisi mpaka ushike tupa ya kusawazishia chuma. Ule mkono unaoteleza lazima uingie kwenye kishikio chake bila kukwama na bila kucheza, na mtoto akiwa na haraka atapiga tupa katikati kuliko pembeni au pembeni kuliko katikati. Nawaambia weka skwea juu ya chuma, inua usawa wa dirisha, angalia mwanga. Ukiona mwanga unapita chini ya skwea rudi kwenye jiriwa. Kuna waliorudi mpaka wakaninunia, mmoja akaniuliza ticha kwani huu mlango ni wa benki?

Siku ya kufunga akaja mzee mmoja kumchukua kijana wake. Shikamoo zikapita, nikajua kwenye mazungumzo kuwa ni fundi baiskeli. Ripoti akaisoma, Hisabati ilikuwa mbaya, hakusema kitu, akaikunja akaweka mfuko wa shati. Dogo kwa woga akatoa lile komeo kwenye begi. Mzee akaliteleza kwenda, akaliteleza kurudi, akapitisha kidole gumba kwenye uchomeleaji taratibu, akasimama sehemu moja, akamwambia "Hapa ulivuta mkono haraka, kuna tundu." Na kweli, tundu lipo, mi mwenyewe nilimkata maksi palepale. Wakaanza kubishana kuhusu moto wa mashine, dogo anaeleza, mzee anauliza, wakaondoka hivyohivyo mpaka getini bado wanabishana, ripoti iko mfukoni. Hiyo Hisabati najua watakuja kuiongelea, kwenye basi kuna muda wa kutosha.

Mtunza stoo alikuwa amesimama hapo anaona. Hajakubali bado, ila kaniuliza yale madawati mabovu nyuma ya maabara yako mangapi. Nataka muhula wa pili Umeme nao wapate kitu, hata kebo ya kuunga tu, plagi upande huu soketi upande ule, waya bado ni shida lakini tutaona. Ujenzi ndo sijui tufanyeje, ukuta haubebeki.

Kingine, nimehesabu tupa jana na mbili hazipo. Bweni nalijua, na mwenye tranka namjua, Julai akishuka kwenye basi atanikuta getini.