Pita mbele, mwanangu

Juni 2024 Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, ulikuwa umeshapita bungeni Nairobi, imebaki saini tu. Vijana walijaa barabarani kuupinga, wengine wakauawa, na tarehe 26 Rais Ruto akatangaza hatautia saini. Mimi nilidhani hayo ni mambo ya jiji kubwa.

Kumbe! Wiki hii akina mama mboga wa soko letu wamegoma kulipa ushuru mpaka choo kifunguliwe. Mkusanya ushuru alipita meza kwa meza na kitabu chake cha risiti, kila meza anaambiwa, "Pita mbele, mwanangu." Akafoka, akatishia kuita kanjo, askari wa kaunti. Sasa kanjo wangebeba nani, soko zima? Serikali ina mkono mrefu, sawa, lakini sharti mtu aweke kitu mkononi.

Saa nane ufunguo ukaletwa. Sabuni bado, na wameshaanza kuiulizia.