Salsa: tafuta vijiti kwanza, mwimbaji baadaye

Sabufa nyingi za Mwanjelwa na Uyole, hapa Mbeya, zimewekwa kwa ajili ya Bongo Fleva: besi juu kabisa. Ukichomeka flashi yenye salsa hapo inatoka vurugu, na watu husema muziki wa Kihispania una kelele. Salsa imejengwa juu ya klave, vijiti viwili vya mbao ngumu vinavyogonganishwa, na besi ikizidi, vijiti ndivyo vya kwanza kumezwa.

Kwa hiyo rudisha besi nusu, ongeza trebo kidogo, sogeza boksi litoke kwenye kona, maana kona huongeza besi. Juni na Julai, baridi inapotufungisha madirisha, chumba cha sakafu ya saruji huvuma. Tandika mkeka, shusha pazia zito. Mvua ikipiga bati, achana na spika uvae hedifoni. Spika ya simu peke yake haifai kabisa: besi inakatika, nayo ni nusu ya habari.

Sasa hesabu moja hadi nane, kwa mwendo ulio sawa. Klave ya tatu-mbili, yaani mapigo matatu kisha mawili, hugonga kwenye moja, katikati ya mbili na tatu, kwenye nne, kisha sita na saba. Igonge mezani hadi mkono uizoee, ndipo uweke wimbo. Nyimbo nyingi huanzia upande wa mbili: mbili, tatu, tano, katikati ya sita na saba, nane. Ukiona unagongana na bendi, usikimbize mkono, geuza upande. Tena mara nyingi hakuna anayevigonga vijiti hivyo kwenye rekodi. Piano, konga (ngoma ndefu za mkono) na tarumbeta zote zinavifuata kimyakimya, na ukishavisikia visivyogongwa, umeingia.

Besi ndiyo inayopoteza watu. Masikio yetu yanataka itue kwenye moja. Ya salsa hupiga katikati ya mbili na tatu, kisha kwenye nne, na sauti hiyo ya nne huachwa ilie hadi ivuke moja. Anayeichukulia hiyo nne kuwa ndiyo moja atatangulia bendi kwa pigo zima, na miguu yake haitakaa sawa mpaka wimbo uishe. Dawa yake ni kengele. Kiitikio kinapoanza kujirudia, mpiga bongo, zile ngoma mbili ndogo pacha, huziweka ngoma zake na kushika kengele. Mapigo yake mazito huangukia moja, tatu, tano na saba. Shika hapo.

Maneno yasikutishe. Irabu za Kihispania ni zetu zilezile tano. Herufi ya h haitamkwi, j ni kama h nzito, ñ ni ny, ll ni y, qu ni k. Kinachofanya yasikike ya haraka ni irabu kuunganishwa: «mi amor» huimbwa «myamor». Waimbaji wa Karibiani pia humeza s za mwishoni, kwa hiyo «los dos» inaweza kukufikia kama «lo do». Anza na kiitikio, kwa sababu kinarudi kilekile huku mwimbaji akibuni maneno juu yake.

Aliyekua na muziki wa dansi ana nusu ya safari tayari. Santuri za Kuba ziliingia Kongo tangu miaka ya 1930, zikazaa rumba iliyotufikia huku. Pale Morogoro, Salum Abdallah aliiongoza bendi iliyoitwa Cuban Marimba. Mwaka 1974 mwimbaji wa Kuba Celia Cruz na bendi ya salsa ya Fania All Stars walipiga Kinshasa. Sikiliza rumba ya zamani, kisha salsa ya miaka hiyo, utasikia magitaa ya Kongo yakifanya kazi ya piano ya Kuba.

Salsa ikikushinda kwa sasa, weka merenge, muziki mwingine wa Karibiani: kila pigo ni hatua, kulia, kushoto, basi. Bachata, nayo ya hukohuko, ni ya polepole zaidi, gitaa ndilo linaloongoza, na mkazo uko kwenye nne.