Bakapu ilikataa kuandikwa, ikakataa na kufutwa

Wiki mbili nzima niliamkia barua pepe ileile: bakapu ya usiku imetoka `PARTIAL`. Nikaizoea. Uzembe huo ni wangu, nausema mapema. Klasta yetu ya Elasticsearch (programu ya kuhifadhi na kutafuta data) ina nodi tatu, yaani seva tatu zinazofanya kazi pamoja, na ghala la snapshoti, yaani nakala za bakapu, ni folda moja ya NFS (folda ya pamoja kwenye mtandao) iliyoungwa kwenye zote tatu. `PARTIAL` ina maana kuna shadi, yaani vipande vya data vilivyogawanywa kwenye nodi, ambazo hazikunakiliwa. Mimi nikatazama zile zilizonakiliwa, nikajiambia nitaangalia Ijumaa.

Kabla ya Ijumaa niliwasha upya nodi mbili za zamani, moja baada ya nyingine, na uongozi wa klasta ukahamia nodi ya tatu, ile mpya. Usiku huo bakapu haikuandikwa kabisa. Kibaya zaidi, hata kazi ya kufuta snapshoti zilizokwisha muda, ambayo kwa kawaida huanza saa saba na nusu usiku kwa UTC, iligoma. Kwenye logi: `access_denied_exception`, yaani ruhusa imekataliwa. Folda ilikuwa imejaa asilimia 96, na Elasticsearch haikuwa imenionya, kwa sababu vile vizingiti vyake vya kujaa, asilimia 85, 90 na 95, hupima diski za data tu. Ghala ni juu yako mwenyewe.

Mwenzangu akaniambia, "Kaka, si ufute tu mafaili ya zamani kwa mkono, tupumue?" Nilikuwa nimeshaandika `find` yenye `-mtime +30 -delete`, amri ya kufuta mafaili yaliyopita siku 30. Nikaifuta herufi kwa herufi. Snapshoti hunakili kile tu ambacho hakimo ghalani, kwa hiyo faili la miezi mitatu iliyopita linaweza kuwa ndilo linalotegemewa na bakapu ya jana. Nimewahi kulifanya kosa hilo kazini kwingine, na siku ya kurejesha data ndipo nilipojua. Sirudii.

Nikapiga `POST _snapshot/ghala/_verify`, amri ya kukagua kama kila nodi inalifikia ghala. Jibu likaja palepale: njia haifikiki kwenye nodi kiongozi. Ajabu, kwa sababu `ls` ilionyesha kila kitu kipo. Basi nikaingia kila seva na kuandika `id elasticsearch`, inayoonyesha namba ya mtumiaji anayeendesha programu:

997. 997. 995.

NFS ya kwetu haijui majina, inajua namba. Nodi mpya ilipowekewa programu, mtumiaji wake alipewa namba iliyokuwa wazi siku hiyo, na mbele ya ghala akawa mgeni. Alipokuwa mfuasi, ni shadi zake tu zilizokwama. Alipokuwa kiongozi, yeye ndiye wa kuandika orodha ya ghala na kufuta mafaili, basi yote yakakwama. Mimi nilikuwa nimefungua tiketi mbili, moja ya bakapu na moja ya ufutaji, kumbe chanzo ni kimoja.

Kuirekebisha kulichosha kuliko kuigundua. Kwenye nodi mpya 997 ilikuwa imeshachukuliwa na huduma nyingine, kwa hiyo nikachagua 1500 kwa zote. Kwanza `_slm/stop`, kusimamisha SLM, ratiba ya bakapu na ufutaji. Kisha nodi moja moja: zima, `usermod` na `groupmod` kubadili namba ya mtumiaji na ya kundi lake, `chown` kuhamisha umiliki wa folda za data na logi (`usermod` haizigusi), washa, subiri klasta irudi kijani. `chown` ya ghala lenyewe ilibidi niifanyie kwenye seva ya mafaili, maana root (msimamizi mkuu) wa nodi hana sauti kule.

`_verify` ikarudisha majina matatu, ya nodi zote. Nikapiga `_cleanup` kuondoa mabaki ya majaribio yaliyofeli, nikawasha SLM, nikaiamuru ipige bakapu palepale: `SUCCESS`. Hapo tu ndipo nikaruhusu za zamani zifutwe.

Kisha nikarejesha kutoka bakapu indeksi moja (mkusanyo wa data) isiyoandikwa tena, kwa jina jingine, nikalinganisha `_count`, idadi ya rekodi, za zote mbili. Zililingana. Ile barua pepe nimeiondoa. `PARTIAL` sasa inapiga simu.