Siku moja na lenzi ya hologramu, Kisumu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Joto bado halijaamka, nami napiga hesabu. Nasomea uzamili wa fizikia, na kazi yangu ni kusanifu lenzi ya kusomea DVD. Badala ya kioo kinene kilichobinuka, nachora duara ndani ya duara, mamia kwa mamia, kila mfuo ukipinda mwanga wa leza ili miale yote ikutane pamoja kwenye nukta moja, yaani fokasi. Hiyo ndiyo lenzi ya hologramu.

Saa mbili, chai na mandazi.

Saa nne niko Kondele kwa fundi wa redio na deki.

"Habari ya asubuhi, mzee?"

"Nzuri, mwalimu. Nimekuwekea vichwa vitatu vya kusomea diski, vilivyokufa."

Navifungua taratibu. Lenzi imeshikiliwa na nyaya nyembamba, koili na sumaku zikiipandisha na kuishusha kufuata diski inayoyumba. Ikiwa nyepesi, inawahi. Ndiyo maana napigania wembamba. Hapa watu wengi video za harusi na matanga ya kwao bado ziko kwenye DVD. Kichwa kikifa, sura ya marehemu nyanya imefungiwa humo. Hilo halinitoki akilini.

Saa nane mchana, jua la Kisumu linachoma, na hapa ndipo penye kazi. Daiodi ya leza, yaani kidude kinachotoa mwanga huo, ikipata joto, mawimbi yake hurefuka kutoka nanomita 650. Badiliko la polepole koili hulifuata. Shida ni pale urefu wa mawimbi unaporuka ghafla: kwa lenzi ya mifuo peke yake, bila mbinuko, yenye fokasi umbali wa milimita 3, mruko wa nanomita moja tu huisogeza fokasi zaidi ya maikromita 4, na msogeo unaovumilika haufiki hata maikromita moja. Koili haiwahi kabisa.

Dawa ninayoiamini ni kuchanganya mifuo na lenzi ya plastiki iliyobinuka. Mawimbi yakirefuka, mifuo huvuta fokasi karibu, nao mbinuko wa plastiki huisukuma mbali. Nikiuachia mbinuko sehemu kubwa ya kupinda mwanga, mifuo ikapewa kidogo tu, mivutano hiyo miwili inafutana.

Saa kumi na mbili jioni mvua inapiga mabati, na hesabu inanipa zawadi nyingine. Mifuo yenye kazi ndogo ni mipana. Ile ya lenzi isiyo na mbinuko ingebanana ukingoni hadi maikromita 1.1, nafasi isiyotosha kuchonga ndani yake ngazi ndogo za kuelekeza mwanga. Sasa ngazi zinaenea. Mfuo wa ngazi 2 hupeleka kwenye fokasi asilimia 40 hivi ya mwanga, wa ngazi 4 asilimia 81, wa ngazi 8 asilimia 95. Nimechagua 8.