Kulia Mlangoni pa Hema

Neno la wiki: Hesabu 11:1–17

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatano iliyopita tulikutana kwa ibada ya jumuiya saa kumi na moja jioni. Mvua ya Rungwe mnaijua, ikishaingia haina haraka ya kuondoka. Kila aliyefika alikung'uta mwavuli na kuanza la kwake: njia imekuwa tope tupu, bei ya mbolea haishikiki, viazi vimepigwa ukungu, dalali anataka lumbesa tena, yaani gunia lijazwe kupita mdomo wake, wanakwaya hawaji mazoezini. Mimi mwenyewe nilichangia mara mbili, na ile ya pili ilikuwa ndefu. Ilipokaribia saa kumi na mbili, mzee wa kanisa akafungua kitabu cha nyimbo, akasema, "Haya, ibada ya kwanza tumeimaliza. Sasa tuanze ya Bwana." Tulicheka. Lakini nilirudi nyumbani neno lile limenikaa kooni.

Usiku nikafungua Hesabu 11. Wana wa Israeli wako jangwani, mana inashuka kila siku, nao wanalia: "Twakumbuka samaki tuliokula huko Misri bure." Bure! Samaki wa Misri walitoka mtoni, na ni mtoni humo Farao alimoamuru watoto wao wa kiume watupwe. Na matofali ya utumwa je? Na fimbo za wasimamizi? Yote yamefutika, yamebaki matango na vitunguu saumu. Manung'uniko si lazima yaseme uongo. Huchagua tu cha kukumbuka. Sisi wenyewe Oktoba vumbi likitujaa puani tunamsihi mchungaji aitishe maombi ya mvua, halafu Machi tunalalamikia tope tuliloliomba kwa kufunga.

Kuna jambo katika sura hiyo ambalo nimekuwa nikilipita miaka yote. Mstari wa 10 unasema watu walilia kila mtu mlangoni pa hema yake. Mlangoni, yaani pale jirani anaposikia, akapokea, akaongeza na lake. Mstari unaofuata Musa naye analalamika, tena kwa maneno makali kuliko yao: kwani ni mimi niliyewazaa watu hawa? Mzigo umenishinda, afadhali uniue. Kwa ukali wa maneno, Musa ndiye angestahili ule moto wa mwanzo wa sura, Mungu aliouwasha kwa walionung'unika. Ila yeye hakulia mlangoni. Alimwambia Mungu mwenyewe, na Mungu akampa wazee 70 wa kubeba naye.

Kwa hiyo sikubaliani na mahubiri yanayomtaka mwamini afunge mdomo tu. Katika Matendo 6 wajane walisahauliwa katika huduma ya kila siku, watu wakanung'unika, na mitume hawakuwaambia "shukuruni kwa kila jambo, mwende zenu." Walisimamia uteuzi wa watu 7, wajane wakahudumiwa. Hata Paulo, aliyewaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, "Yatendeni mambo yote pasipo manung'uniko wala mashindano," ndiye yuleyule aliyepigwa bila kuhukumiwa katika mji huohuo wa Filipi, na walipotaka kumtoa gerezani kwa siri akakataa: waje wenyewe watutoe. Wakaja.

Nikajipima. Misimu mitatu nimelia habari ya lumbesa kwa majirani, kwenye gari la Noah, kisimani, hadi msibani. Dalali mwenyewe sijawahi kumwambia neno. Mkutano wa kijiji ndiyo kabisa. Na Mungu? Naye nilikuwa namwambia yale ya adabu tu, afya na safari njema.

Ijumaa alfajiri nikapiga magoti, nikamweleza Bwana habari ya magunia bila kupamba, hata jina la dalali nikamtajia. Jumamosi dalali alipokuja nikamwambia gunia langu litaishia mdomoni, halishonewi mlima juu. Akasonya, akaenda nyumba ya pili. Wakamuuzia.

Viazi vyangu bado viko ndani. Na msidhani nimekuwa mtakatifu: Jumapili baada ya ibada nilishasimama na shemeji yangu nimeanza, "Unamjua yule dalali..." kabla sijakumbuka mlango niliousimamia. Ulimi wa miaka hamsini haugeuki kwa wiki moja. Nikaishia njiani, shemeji akabaki ananishangaa.

Nyumba ya pili ni ya mwanajumuiya mwenzetu, naye anaisoma tafakari hii. Simlaumu, ada ya shule haisubiri. Lakini mzigo huu Musa hakuuweza peke yake. Basi Jumatano hii tutangulie kukutana saa kumi na nusu, kwangu, tuombe kwanza, kisha tuzungumze habari ya magunia tukiwa wote, tuone nani ataipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliyeuza naye aje, hatumgombezi. Nitachemsha viazi, ninavyo vingi.